Blaindi: nifunge ndani ya dirisha au nje? Nimechanganyikiwa

Nyumba_Mpya

Wakuu habari za muda huu, naomba msaada kwa wenye uzoefu. Tumehamia nyumba ambayo madirisha hayana kitu, wiki ya tatu hii tunaishi na mashuka yamebanwa kwa misumari, na mwenzangu kasema mapazia ya kufua na kupiga pasi hataki kuyasikia tena, anataka blaindi. Sawa. Nikampigia muuzaji, akaniuliza swali moja tu, "za kufunga ndani au za kufunga nje?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, ndani bwana, nani anafunga pazia nje linyeshewe na mvua. Jamaa alicheka mpaka nikakata simu.

Sasa baadaye nikajua kwamba hata hizo za "nje" zinakaa humohumo chumbani, ila sijaelewa tofauti yenyewe ni nini na nitachaguaje. Nina madirisha matatu yananiumiza kichwa:

Sebuleni, kubwa, upana kama sentimita 180, ni aluminiamu la kusukuma pembeni, ukuta mnene.

Chumbani kwetu, 120 kwa 120. Mimi napiga shifti za usiku kwa hiyo nalala mchana, nataka giza.

Jikoni, dogo, liko juu ya sinki, linafunguka kwa kuja ndani.

Vipimo nimechukua kwa futi kamba ya kushonea ya mwenzangu. Nipeni mawazo kabla sijaharibu hela.

---

fundi_bisibisi

Hahaha mkuu usione aibu, hilo jibu la mvua nimeshalisikia sana. Iko hivi. Dirisha lako halijakaa usawa wa ukuta, limerudi nyuma kidogo, kwa hiyo kuna lile tundu lenye kuta fupi pembeni, dari yake juu na kizingiti chini. Kufunga ndani ni blaindi inaingia humo kwenye tundu, breketi zinashika ile dari ya tundu au kuta za pembeni. Kufunga nje ni blaindi inakaa usoni mwa ukuta, inalifunika tundu lote na kuzidi kidogo kila upande. Basi, hamna uchawi mwingine.

Watu wengi wanachagua kwa kuangalia picha, ipi imependeza. Mi nafunga hizi vitu miaka mingi sasa na nakwambia dirisha lenyewe ndo linachagua, we kazi yako ni kulisikiliza. Cha kwanza ni kina. Chukua tepu ya chuma, hiyo ya kushonea mrudishie mwenyewe maana inavutika na ikizeeka inadanganya mpaka sentimita nzima. Pima kuanzia kitu kilichojitokeza zaidi kwenye dirisha, na hapa watu wanakosea, wanapima kuanzia kwenye kioo wakati kuna hendeli imetokeza sentimita 4. Anza kwenye hendeli au reli ya wavu wa mbu, chochote kilicho mbele kuliko vyote, njoo mpaka usawa wa ukuta wa chumbani. Blaindi za vibao vya upana wa sentimita 5 zinataka kama 6 au 7 ili zizame zote. Rola, yaani ile ya kitambaa kinachojizungusha kwenye bomba, inategemea bomba na unene wa kitambaa ila hapohapo 6 mpaka 8. Ukiwa na 4 unaweza kufunga kama breketi inapata pa kushika, lakini nusu yake itabaki imetokeza kama ulimi wa mtoto anayekudharau.

Cha pili, tundu limenyooka? Pima upana sehemu tatu, juu, katikati, chini. Kama unafunga ndani unachukua ule mdogo kuliko yote. Urefu pia sehemu tatu, hapo chukua mkubwa. Alafu pima kona kwa kona, mishazari yote miwili. Ikipishana zaidi ya sentimita moja ujue tundu limekaa upande, na blaindi ni kitu kilichonyooka, ukikiweka kwenye tundu lililopinda kinasema siri zote za fundi aliyepiga plasta.

Cha tatu nini kinapita hapo. Linalofunguka kwa ndani, nondo, hendeli ya kuzungusha. Lete vipimo vya ukweli tuongee.

---

Mbishi_Mstaarabu

Mkuu usijitese, funga nje yote matatu maisha yaendelee. Nje haijali tundu limepinda, haijali kina, ukikosea sentimita mbili hakuna anayejua, ndani ukikosea milimita tano umekwisha. Na dirisha dogo linaonekana kubwa, unaweka blaindi juu karibu na dari mtu akiingia anadhani una dirisha la hoteli. Alafu ukiikunja inakaa juu ukutani, kioo chote kinabaki wazi. Ya ndani hata ukiinyanyua yote, lile rundo la vibao linakula kioo chako kwa juu. Vibao vipana kwenye dirisha la mita moja na nusu rundo lake ni kama sentimita 20. Umelipia dirisha kubwa alafu unaangalia rundo la vibao, kwa nini?

---

mama_pacha

@Mbishi_Mstaarabu kaka yangu nusu umesema kweli nusu umechapa mwendo. Nje inataka ukuta mtupu pembeni na juu. Ukiwa na kabati limebana dirishani, au dirisha liko kwenye kona, utaizidisha wapi? Na inatokeza chumbani, kochi likiwa pale kila mtu anayeegemea anaisukuma kwa kisogo. Na kama mtu anapenda aweke na pazia jepesi juu yake, ya ndani ndo inakaa vizuri, pazia linapita mbele bila kugombana.

Ila ya ndani nayo nina makovu yake, ngoja niwasimulie. Mimi nilipima mwenyewe, kwa kuwa sifiki juu nikapima chini tu, nikapata 142, nikasema dirisha ni dirisha litakuwa na upana gani mwingine huko juu. Blaindi ikaja imepunguzwa, 141 na nusu. Reli ya juu ikaingia bila shida, nikapiga makofi. Nikaanza kushusha. Ilipofika katikati nikasikia krrrrr, nikasimama, nikavuta tena, krrrrr. Plasta ya upande wa kulia ilikuwa imetuna katikati kama tumbo la mtu aliyeshiba, pale upana ulikuwa 141 na kidogo. Kila asubuhi na jioni vibao vinakwangua rangi, unga mweupe unadondoka kizingitini, na vibao vitatu ncha zake zikaanza kujikunja. Nilipiga msasa lile tumbo siku mbili mikono ikaota malengelenge, nikapaka rangi upya. Sasa hivi inashuka kimya lakini ukiangalia kwa karibu vile vibao vitatu bado vimekunja pua.

Kwa hiyo panda kiti upime juu.

---

kivulini

Nimeona umesema shifti za usiku, mwenzio huyu hapa, miaka sita. Chumbani usifunge ndani, nakusihi.

Mimi nilinunua rola nyeusi nzito ya kuzuia mwanga kabisa, nikaifunga ndani ya tundu, nikajua sasa nimepona. Nilichokuwa sijui ni kwamba kitambaa cha rola siku zote ni chembamba kuliko bomba na breketi zake, kwa sababu upande mmoja kuna ile gurudumu ya mnyororo na upande wa pili kuna pini. Kwa hiyo ukifunga ndani, hata tundu lingenyooka kama rula, pembeni kunabaki mwanya wa sentimita moja na nusu mpaka mbili kila upande. Saa nne asubuhi jua lilikuwa linapita pale linachora mstari mweupe kitandani, unaanzia miguuni, saa sita uko usoni. Nilikuwa nauhama ule mstari kama mtu anayekimbia deni.

Nikaihamishia nje, ikabidi ninunue nyingine pana, imezidi tundu sentimita 10 kila upande na 10 juu. Tofauti ni kubwa mno. Ila nisikudanganye kwamba ni giza la kaburi, ya nje nayo inasimama mbali kidogo na ukuta kwa hiyo mwanga unajipenyeza kwa upande na juu, ila unatua ukutani haufiki machoni. Juu nimeweka kibao chembamba kama kofia. Kuna wanaoweka na vijia vya pembeni, kitambaa kinateleza ndani ya mfereji, hapo ndo giza linakuwa giza hasa, ila kazi yake inataka mkono wa fundi.

---

Nyumba_Mpya

Aisee asanteni sana, nimeazima tepu ya chuma nikarudia kila kitu na nimeshangaa. Lile la chumbani nililosema 120 kwa 120 limetoa hivi: upana juu 120.3, katikati 119.6, chini 119.8. Mishazari mmoja 169, wa pili 170.4. Yaani tangu tuhamie naliona limenyooka! Sasa hivi nikiingia chumbani naliona limeinama kabisa na siwezi kuacha kuliona. Kina ni 5 tu kwa sababu ya hendeli. Na kizingiti cha chini kimetokeza chumbani, kimezidi usawa wa ukuta kama sentimita 3.

Sebuleni 181.2, 181.0, 181.1, kina 11, hakuna hendeli iliyotokeza. Mishazari inapishana milimita 4.

Jikoni upana 78, kina 9, lakini linafunguka ndani kama nilivyosema na juu yake kuna kabati la vyombo, nafasi kati ya tundu na kabati ni sentimita 4.

Na swali la nyongeza, muuzaji akitaka vipimo nimpe vya tundu au nimpunguzie mimi mwenyewe ili iingie?

---

fundi_bisibisi

Safi, sasa tunaongea kitu kinachoeleweka.

Nianze na hilo la kupunguza maana ndo linaloua watu. Kwa ya ndani mwambie "hiki ni kipimo cha tundu" na utamke hivyohivyo, umpe ule upana mdogo kuliko yote bila kupunguza, yeye atapunguza, kawaida nusu sentimita mpaka moja. Ukipunguza wewe alafu na yeye akapunguza, inakuja blaindi inayocheza kama jino bovu. Kwa ya nje hakuna anayepunguza kitu, unatoa kipimo cha blaindi unayoitaka. Na kwa rola uliza swali la pili, huo upana ni wa kitambaa au ni wa breketi mpaka breketi? Kivulini kashakuonyesha kwa nini.

Sebuleni funga ndani. Hilo tundu limenyooka vizuri kuliko mengi niliyoyaona na kina 11 kinameza blaindi yoyote. Kwa upana huo wa 181 moja inawezekana, ila kama mnachukua za vibao vya mbao uzito wake si mchezo, kila siku unanyanyua mzigo, na kamba zinachoka mapema. Bora mbili zikutane pale katikati fremu za vioo zinapopishana, ule mwanya wa katikati unazibwa na fremu. Rola moja haina shida.

Chumbani nje, hakuna mjadala, kina hakitoshi, tundu limelala upande, na mtu analala mchana. Kitambaa 140, yaani 10 na 10 pembeni. Kwa juu panda 10. Sasa chini una kizingiti kilichotokeza 3, una njia mbili. Ya kwanza unaishusha blaindi iishie juu ya kizingiti, ikigusa tu, kwa hiyo urefu unapima toka breketi mpaka kizingitini. Ya pili unaiondoa ukutani kwa kuweka vipande vya mbao nyuma ya breketi, au unageuza rola kitambaa kishukie mbele ya bomba badala ya nyuma, kinapita mbele ya kizingiti. Ila kila unavyoisogeza mbali na ukuta ndo unafungulia mwanga wa pembeni. Mi ningeiishia kizingitini, kizingiti chenyewe kitaziba mwanga wa chini.

Breketi za juu hapo utatoboa lenta, ule mhimili unaopita juu ya dirisha, na lenta ni zege. Drili ya kawaida italia tu na kutoa moshi. Tafuta ya kugonga, biti ya zege namba 6, fisha (kile kiplastiki kinachoshika skrubu) namba 6, toboa zaidi ya urefu wa fisha kwa sentimita moja, alafu puliza ule unga utoke, fisha ikikaa juu ya unga haishiki. Ukigonga chuma usilazimishe, ni nondo ya lenta hiyo, sogea kidogo. Na breketi ya pili weka kwa pimamaji, USIPIME kutoka kwenye ukingo wa tundu, umeshaona mwenyewe tundu linavyodanganya.

Jikoni ngoja mwingine aseme, maana jibu langu halitampendeza mtu.

---

Mbishi_Mstaarabu

Jikoni nje... ah, kabati. Sentimita 4 bomba la rola haliingii. Nimenyamaza.

---

mama_pacha

Hahaha leo kaka kanyamaza. Jikoni mimi nilikuwa na dirisha la hivyo. Ukifunga ndani huwezi kufungua dirisha mpaka unyanyue blaindi yote, na hata ukinyanyua, kama lile rundo limeshuka chini ya ukingo wa juu wa kioo, dirisha linagonga rundo. Ukifunga nje ni yaleyale tu ukiwa huna nafasi ya kuipandisha juu. Dawa yake ni kutofunga ndani wala nje, unaifunga kwenye lile bawa lenyewe la dirisha linalofunguka. Kuna blaindi nyembamba zimetengenezwa kwa ajili hiyo, zinashikwa kwenye fremu ya kioo juu na chini, ukifungua dirisha blaindi inakwenda nalo kama mtoto mgongoni. Upana unapima wa kioo na zile kingo za mpira, kisha uangalie hendeli isibanwe. Na kwa vile ni juu ya sinki chukua za aluminiamu au plastiki, mbao na maji ya kuruka havipatani, nacho kitambaa kitashika mafuta.

Kingine, mna watoto wadogo? Mnyororo wa rola na kamba za vibao si vya kuchezea, mtoto akijizungushia shingoni ni dakika chache tu. Kile kishikizo kinachokuja ndani ya boksi watu wanakitupa wakidhani ni pambo. Kifunge ukutani mnyororo ukae umekaza, usiachie kitanzi kinachoning'inia, na vitanda na viti visikae chini yake. Kama mfuko unaruhusu chukua zisizo na kamba kabisa, unasukuma kwa mkono.

---

Nyumba_Mpya

Tunaye mmoja anatambaa na keshaanza kujivuta kusimama kwa kushika chochote anachokutana nacho, kwa hiyo dada hapo umenigusa. Chumbani na sebuleni nachukua zisizo na kamba, nimekubaliana na mwenzangu. Swali la mwisho kabisa, hizo za kusukuma kwa mkono nikiipandisha 10 juu ya tundu, mwenzangu ni mfupi, ataifikiaje ikiwa imekunjwa yote?

---

kivulini

Usiikunje yote. Yangu naiacha imeshuka kidogo, ukingo wa chini uko usawa wa juu wa kioo, inafunika ukuta tu, mwanga haupotei. Vinginevyo kuna fimbo yenye ndoano, unavuta kwa hiyo.

---

Nyumba_Mpya

Safi sana. Basi nimempigia tena yule muuzaji. Kauliza vilevile, ndani au nje, nikamwambia sebuleni ndani, chumbani nje, jikoni kwenye bawa la dirisha. Akanyamaza kidogo, alafu akaniuliza kina cha tundu, nikamtajia. Safari hii hakuna aliyecheka. Nimemtumia na vipimo vyote kwa meseji, chumbani 140 kwa 130.

---

fundi_bisibisi

130 ipi, upana au urefu? Umemwandikia ipi ni ipi?

---

Nyumba_Mpya

Ngoja nimpigie.